Balozi wa Dodoma Katika Chumba cha Dobi

Nilifika Dubai mwaka 2012 nikiwa na begi moja, cheti cha kidato cha nne na kiburi cha mtu aliyetoka mji mkuu wa nchi. Begi lilifumuka zipu palepale uwanja wa ndege. Cheti hakuna aliyekiulizia. Kiburi ndicho kilichodumu, na nilikitumia kila siku mpaka wenzangu wakanichoka.

Kazi yangu ilikuwa kufua. Hoteli ilikuwa Al Jaddaf, jengo jipya la vioo vitupu, upande mmoja likitazamana na majengo mengine yaliyokuwa bado yanapanda, upande wa pili na karakana za majahazi, ambako nyundo zilianza kugonga kabla sisi hatujamaliza chai ya asubuhi. Wageni walilipia vyumba vya juu ili waone maji ya khori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini. Sisi wa dobi tulikuwa chini kabisa, hatuoni hata kama ni mchana. Mashuka na taulo vilishuka kwetu kwa bomba la ukutani, vikituangukia kama mizigo kutoka mbinguni, na sisi tukavifua, tukavikausha, tukavipitisha kwenye pasi ile kubwa inayomeza shuka upande huu na kulitemea upande wa pili. Watu wa nyumbani waliponiuliza kwa simu hali ya hewa ya Dubai, niliwaambia ni joto na mvuke mwaka mzima. Ilinichukua muda kugundua kwamba nilikuwa nawaelezea chumba cha dobi.

Hoteli ilitupangia nyumba Discovery Gardens, mbali na kazini, karibu na Jebel Ali. Majengo ya kule yanafanana kama watoto wa mama mmoja. Wiki ya kwanza niliingia jengo ambalo si letu, nikapanda, nikakuta mlango uko wazi, nikavua viatu na kukaa kwenye kochi huku nikijiambia kwamba kumbe wenzangu wamenunua kochi. Mama mmoja wa Kihindi akatoka jikoni na mwiko mkononi, akanitazama, akaniuliza kwa upole kama ningependa chai. Nilikunywa ile chai kwa aibu, nikashukuru, nikaondoka. Jengo letu lilikuwa la pili kutoka pale.

Chumbani tulikuwa wanne, vitanda vya juu na chini. Chini yangu alilala Mkenya mmoja wa kutoka Bonde la Ufa, mlinzi katika hoteli yetu, mtu wa kwaya, mrefu kiasi kwamba miguu yake ilitokeza nje ya kitanda. Usiku wa kwanza aliniuliza natoka wapi.

“Dodoma,” nikasema. “Mji mkuu wa Tanzania.”

“Mji mkuu wenu si ni Dar?”

“Hapana. Ni Dodoma. Iliamuliwa zamani, hata mimi sijazaliwa.”

“Sawa. Kwa hivyo rais wenu anakaa Dodoma?”

“Anakaa Dar.”

“Mawaziri?”

“Wako Dar.”

“Mabalozi?”

“Dar.”

Kitanda chake kikalia alipojigeuza. “Sasa bosi, hapo Dodoma kuna nini?”

“Kuna Bunge,” nikasema. “Na kuna mpango.”

Alicheka mpaka kitanda changu cha juu kikatikisika. Tangu siku ile, kila kitu kilichokawia pale nyumbani, iwe fundi wa kiyoyozi au mtungi wa gesi, alisema kipo Dodoma.

Mtanzania mwenzangu pale hotelini alikuwa dada mmoja wa usafi wa vyumba, mzaliwa wa Temeke. Ndiye aliyenitupia mashuka kwenye bomba kutoka ghorofa ya tisa. Nilitegemea angeniunga mkono, maana damu nzito kuliko maji. Nilipomweleza mabishano yangu na yule Mkenya, alisema, “Kaka, Dodoma mimi nimepita kwa basi nikienda Mwanza. Tulisimama, tukanunua zabibu, tukaendelea. Sikujua kama pale ndipo makao makuu. Na Dar nyie Wagogo tunawaona mkija kuomba barabarani.”

Hilo la mwisho alilisema bila ubaya, kama mtu anayetaja mvua. Liliniuma hata hivyo, na maumivu yale yalinigeuza kutoka mtu anayependa kwao kuwa mtu asiyevumilika. Nikaanza kutetea Dodoma bila kuulizwa. Mtu akisema joto, nasema Dodoma Julai kuna upepo wa baridi. Mtu akila tende, nataja zabibu. Mpakistani wa mashine ya kukaushia, ambaye tulielewana kwa maneno yasiyozidi ishirini, alijua neno moja la nchi yangu, nalo lilikuwa Dodoma. Alidhani ni salamu. Kila asubuhi alinipungia mkono na kusema, “Dodoma, Dodoma,” nami nikamjibu hivyo hivyo.

Hapa lazima niseme ukweli ambao wakati ule sikumwambia mtu. Mimi si mtu wa Dodoma mjini. Nimezaliwa kijijini, upande wa Mpwapwa, nyumba ya tembe, na mjini niliishi miaka mitatu tu. Miaka hiyo mitatu nilifanya kazi katika nyumba moja ya wageni, na kazi yenyewe ilikuwa kufua. Bunge lilipokaa, vyumba vyote vilijaa, na mimi nikafua mashuka ya waheshimiwa kwa mkono kwenye karai. Bunge lilipoahirishwa nilikaa kibarazani nikihesabu kunguru. Ukaribu wangu wote na serikali ya Tanzania ulikuwa huo. Wabunge wawili wakubwa niliwajua kwa madoa ya chai.

Basi mwanzoni mwa mwaka 2016, madam wa mafunzo, mama wa Kilebanoni aliyetembea na kalamu nyekundu nyuma ya sikio, alibandika tangazo bwaloni. Kutakuwa na siku ya mataifa. Kila nchi itatoa mtu mmoja azungumze dakika kumi kuhusu mji mkuu wake: serikali, hali ya hewa, na wakazi. Atakayeshinda atapewa yeye na mwenzake chakula katika mgahawa wa juu, ule ambao vitambaa vyake vya meza nilivifua kila siku bila kujua watu wanakula nini juu yake.

Nilikwenda kwa madam mchana huo huo na ovaroli la kazi, nikakuta dada wa Temeke ameshafika. Alikuwa anamwonyesha picha kwenye simu: bandari, daraja, ufukwe, majengo marefu.

“Hii Dar es Salaam nzuri sana,” madam akasema.

“Samahani, madam,” nikasema. “Huo si mji mkuu.”

Dada akanigeukia. “Kaka, jamani. Kwa ajili ya chakula tu?”

“Si chakula, dada. Ni ukweli.”

Ilikuwa chakula kwa sehemu kubwa. Madam akatoa simu yake, akaandika, akasoma, akainua nyusi. “Inasema Dodoma,” akatangaza. Nilitoka mle ofisini nikitembea kama wakili aliyeshinda kesi ya mirathi. Dada wa Temeke akanifuata hadi kwenye lifti ya mizigo na kuniambia, taratibu, “Haya. Sasa nenda ukawaambie kitu.”

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa na kitu cha kuwaambia. Picha nilizokuwa nazo za Dodoma zilikuwa mbili: moja yangu nimesimama mbele ya ukuta, na nyingine ya ukuta huo huo bila mimi. Nikaona angalau nipate kitu cha kushika mkononi, kitu cha kwetu, watu waonje.

Ijumaa nilipanda metro hadi Al Ras. Vichochoro vya kule vinanuka bizari na mbao za makasha, na wapagazi wanasukuma mikokoteni wakisema yalla, yalla, bila kujali vidole vya miguu vya mtu. Kulikuwa na duka la mzee mmoja wa asili ya Unguja, aliyekuja huku kijana na kuzeekea huku. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, laini, cha mtu asiyeharakishwa na chochote. Nilimpenda kwa sababu ndiye mtu pekee Dubai nzima aliyenifanya nione aibu kwa sarufi yangu.

“Karibu mwanangu. Wataka nini?”

“Shikamoo mzee. Nataka kitu cha Dodoma.”

“Marahaba. Cha Dodoma.” Akalirudia neno lile kama anayejaribu ufunguo kwenye kufuli. Akageuka, akatazama rafu zake moja baada ya nyingine, kwa heshima kabisa, ingawa alijua vyema kilichomo. “Karafuu ninazo, za Pemba. Iliki ninayo. Mdalasini, pilipili manga. Cha Dodoma, mwanangu, tangu nilipofungua duka hili sijaletewa.”

“Zabibu kavu je?”

“Zabibu zipo. Za Irani.”

Nikamweleza shida yangu yote: madam, siku ya mataifa, mji mkuu. Alisikiliza huku akinipimia zabibu. “Basi waambie, kwetu twalima zabibu, nazo zafanana na hizi. Hapo hujasema uongo na watu wameonja.”

Ulikuwa ushauri mzuri wa mtu mzima, na mimi niliubeba mpaka Discovery Gardens, kisha nikachukua karatasi na kuandika kwa herufi kubwa: ZABIBU ZA DODOMA.

Siku yenyewe bwalo lilijaa. Mkenya alikuwa ameniazima koti lake la kwaya, la zambarau, lenye mikono iliyonifika kwenye kucha. Alikaa mstari wa mbele akiwa na sare yake ya ulinzi, redio begani, ametulia kama mzazi siku ya mahafali. Dada wa Temeke alikaa nyuma kabisa karibu na jokofu. Mfilipino wa mapokezi alitangulia na Manila yake: picha nzuri, wimbo, mwisho ngoma ya fimbo za mianzi ambayo hata madam aliingia kuicheza. Kisha nikaitwa mimi.

Nilianza na serikali. Nilisema Dodoma ndiko liliko Bunge, na kwamba mimi binafsi niliwahi kufanya kazi kwa karibu sana na wabunge. Sikusema karibu kiasi gani. Nilieleza Bunge linavyokaa, mji unavyojaa, bei ya chipsi inavyopanda.

Mhudumu mmoja wa Kinepali akanyoosha mkono. “Bunge likimaliza, wanakwenda wapi?”

“Wanarudi Dar es Salaam.”

“Na Dodoma anabaki nani?”

“Tunabaki sisi,” nikasema.

Watu wakacheka, nami nikadhani nimewapata. Nikapata nguvu. Nikaingia hali ya hewa. Nikasema mvua zetu ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na baada ya hapo ni jua na upepo, na vumbi jekundu linaloingia hadi ndani ya kabati lililofungwa. Nilikuwa nakusudia kusifia. Niliona nyuso za wale Wanepali, watu wa milimani, zinanionea huruma. Nikarukia wakazi. Idadi sikuijua. Nilikuwa nimekusudia kuitafuta, nikasahau kwa sababu ya kuhangaikia koti, kwa hiyo nikataja ile iliyonijia mdomoni, nikaitaja kwa sauti nzito ili iaminike. Mpishi wa keki, mtu wa Irani, akatoa simu yake, akasoma kitu, akamwonyesha jirani yake. Wote wawili wakanitazama kwa upole. Kisha mpishi yule yule akachukua zabibu tatu kwenye bakuli nililolibandika ile karatasi, akazitafuna polepole, akasema kwamba kwa kweli zabibu za Dodoma zinafanana sana na za kijijini kwao.

Ningeishia hapo, ningeshuka na heshima yangu. Lakini nilikuwa na hitimisho, nililitunga usiku mbili nzima na nilikuwa nalipenda.

“Ndugu zangu,” nikasema, “watu wengi hawajui mji mkuu wa Tanzania ni upi. Wanauona mji mkubwa wenye bandari na majengo marefu, wanadhani huo ndio mji mkuu. Ni ujinga ambao tunapaswa kuuondoa. Mtu anayeishi katika nchi lazima ajue mji wake mkuu. Kama ambavyo sisi sote hapa tunajua, tunaishi na kufanya kazi katika mji mkuu wa Emarati, Dubai.”

Kimya kilichofuata nilikipokea kama cha watu walioguswa. Nikatabasamu. Nilimwona madam ametoa kalamu nyuma ya sikio na anaitazama.

“Habibi,” akasema hatimaye, “mji mkuu wa nchi hii ni Abu Dhabi.”

Sikuelewa mara moja. Nilitazama mstari wa mbele kutafuta msaada, nikamwona Mkenya ameinamisha kichwa magotini na mabega yanamtetemeka. Redio yake ikakoroma, mlinzi wa getini akauliza kuna nini, na yeye hakuweza kumjibu.

Ningependa kusema kulikuwa na sababu. Nilikuwa nimeishi nchi ile karibu miaka minne. Kila jioni basi la wafanyakazi lilitupitisha barabara kuu chini ya vibao vikubwa vya kijani vilivyoandikwa Abu Dhabi na mshale, na kila jioni tulikwenda upande wa mshale ule mpaka tukakata kuingia kwetu. Nilidhani ni mji kama mingine, labda Morogoro yao. Nyumbani nilikuwa nimewaandikia wote, dada yangu mkubwa, mchungaji, mwalimu wangu wa zamani, kwamba nimetoka mji mkuu mmoja na kuingia mwingine.

Watu walicheka sana, tena si kwa ubaya, na cheko la namna hiyo ni gumu kwa sababu huwezi hata kulikasirikia. Nilisema asanteni, nikachukua bakuli langu la zabibu, nikashuka dobi. Nilikaa juu ya rundo la taulo za bwawa na koti langu la zambarau. Baada ya muda mlango ukafunguliwa, akaingia dada wa Temeke na chupa ya maji. Nilijua amekuja kuchukua haki yake.

Akanipa maji, akakaa kwenye kapu la mashuka. “Kaka,” akasema, “nikuambie kitu, usimwambie mtu. Hata mimi nilijua mji mkuu ni hapa Dubai.”

“Unasema kweli?”

“Haki ya Mungu. Nilipomsikia madam nikashika jokofu.”

Tukatazamana. Kisha tukaanza kucheka, yeye kwanza. Tulikula zile zabibu za Irani mpaka bakuli likaisha, na bomba likaanza kuporomosha taulo za mchana.

Manila ilishinda. Mimi nilipata jina. Kuanzia kesho yake hakuna aliyeniita kwa jina langu. Niliitwa Abu Dhabi. “Abu Dhabi, leta mashuka ya ghorofa ya nne.” “Abu Dhabi, taulo khalas, zimekwisha?” Mkenya alinitangaza hata kwenye redio ya ulinzi. Mpakistani wangu peke yake ndiye hakubadilika. Yeye aliendelea kunisalimia Dodoma, Dodoma.

Katikati ya mwaka ule ule, dada yangu mkubwa alinitumia ujumbe wa sauti. Rais ametangaza kwamba serikali yote inahamia Dodoma, safari hii kweli. Nilisikiliza ujumbe ule mara nne nikiwa nimesimama kati ya mashine mbili, jasho linanitoka, nikaona kwamba Mungu amenisikia. Nikapanda juu kumtafuta yeyote wa kumwambia. Madam alinipongeza na kuniuliza kama hiyo ina maana nitaacha kazi. Mkenya aliinua mikono yote miwili.

“Bosi, hongera. Kwa hivyo ule mpango umefika.”

“Umefika.”

“Ulikuwa wapi muda wote huo?”

“Dodoma,” nikamjibu, na kwa mara ya kwanza tulicheka upande mmoja.

Dada wa Temeke nilimwambia mwisho, na nilimwambia kwa mbwembwe, kwa maana bado sikuwa nimejifunza. Hakucheka. Alitandika shuka lake, akalikunja pembe, akasema, “Mume wangu ni karani wizarani.”

Nilijua ana mume Dar na watoto wawili wanaolelewa na bibi yao. Sikuwa nimejisumbua kuuliza mume anafanya kazi gani. Miezi ikapita. Siku moja alinijia bwaloni na daftari la shule, akaketi mbele yangu, akafungua ukurasa mtupu.

“Amepangiwa kwenda,” akasema. “Hamjui mtu kule. Kaka, hebu niambie sasa. Lakini usiniambie kama ulivyowaambia siku ile. Niambie kweli.”

Niliweka kijiko chini. Alitaka kujua maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, vyumba vinapatikana mtaa gani, kama mtu mwenye pumu anaweza vumbi lile. Nilikuwa nimeitetea Dodoma mbele ya mataifa saba, na kumbe sikuweza kumjibu hata swali moja kwa uhakika. Nilikuwa nimeondoka karibu miaka mitano. Nikamwambia, “Dada, sijui. Lakini nina dada yangu pale mjini. Ngoja nimpigie.”

Nilimpigia palepale, nikaweka simu juu ya meza, spika wazi. Dada yangu ni mtu wa kazi, muuza mboga sokoni, maneno yake machache. Aliahidi kutafuta, na baada ya wiki moja akapiga, tukiwa bwaloni tena na spika wazi.

“Chumba kimepatikana,” akasema. “Kizuri, kina maji, umeme wake peke yake. Mwenye nyumba ni yule mwalimu.”

“Mwalimu gani?”

“Yule uliyemuuzia kiwanja.”

Nilikuwa na kiwanja nje kidogo ya mji, nilichogawiwa na marehemu baba. Nilikiuza ili nilipie wakala na tiketi ya kuja Dubai, na nilipokiuza nilijiona mjanja, maana palikuwa miba na vichuguu, na mtu gani mwenye akili angetaka kuishi kule. Mtetezi wa mji mkuu alikuwa mimi, na mtu aliyeuamini kiasi cha kununua ardhi yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekaa kimya.

“Amejenga vyumba vingapi?” nikauliza.

“Vingi,” dada yangu akasema. “Unataka nimpe huyo bwana kimoja au hutaki?”

“Mpe.”

Dada wa Temeke, aliyekuwa akisikiliza yote, alifunga daftari. Hakusema neno kuhusu kiwanja, na kwa hilo ninamheshimu hadi leo.

Likizo yangu ilikuja mwaka uliofuata, mwezi wa Juni. Dada wa Temeke alinipa mzigo nimpelekee mumewe: mashati mawili, dawa ya pumu, manukato. Basi lilinishusha Dodoma jioni, na nilipotoka nje ya stendi nilitafuta njia niliyoijua, nikaikosa. Barabara zilikuwa mpya, majengo mapya, watu wanatembea haraka. Kijana wa bodaboda akasimama mbele yangu.

“Mheshimiwa, twende? Umehamishiwa wizara gani?”

“Mimi mwenyeji,” nikamwambia.

“Unaelekea wapi basi?”

Nikamtajia mtaa kwa jina nililolijua. Hakulifahamu. Nikamweleza kwa miti: mbuyu mmoja, kisha kisima, kisha njia ya ng'ombe. Akanisikiliza kwa subira, akaniambia hiyo yote ni lami sasa, ila kama nina namba ya simu ya mwenyeji wangu nimpe aulize. Nikampa namba ya karani kutoka Dar es Salaam. Wakazungumza wao wawili, wakaelekezana vizuri kabisa, nikapakiwa.

Karani alinipokea mlangoni. Alikuwa mtu mwembamba, mchangamfu, amevaa kanzu, na alinipeleka chumbani kwake kana kwamba ni ikulu. Nyuma ya dirisha niliona kichuguu kimoja kilichosalia, nikakitambua. Alifungua mzigo, akanusa mashati, akayakunja upya taratibu. Kisha akapakua ugali na mlenda, akaniangalia kwa wasiwasi kama nitauweza.

“Jirani alinifundisha kuupika,” akasema. “Mwanzoni unateleza, shemeji, lakini utauzoea.”

Nikanawa, nikala. Sikumwambia kwamba nilinyonyeshwa karibu na chungu cha mlenda. Alikuwa na furaha ya mtu mwenye mgeni, na mimi nilikuwa nimechoka kwa safari. Akaanza kunieleza Dodoma: ofisi zipi zimeshahamia na zipi bado zinasuasua, wizara yake imepanga jengo la nani, watu wanavyoongezeka kila mwezi, soko lipi lina nyanya nzuri, maji yanatoka siku zipi. Alizungumza vizuri, kwa mpangilio, na idadi ya wakazi alikuwa nayo kichwani, ya sensa. Nilimwuliza maswali. Kadiri alivyonijibu ndivyo nilivyoendelea kuuliza.

Upepo ulipoanza kuvuma nje akainuka kufunga dirisha. “Juni huku usidanganyike na jua la mchana,” akasema. “Jioni baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Wengi wakija hawajui.”

Akachukua sweta lake kwenye msumari, akanipa. Nilimshukuru, nikalivaa, nikamwomba aendelee na habari za maji.